Sura ya Tano: Mbwa wa Jaani, Atakaa Kwangu?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mama aliyejenga Mwakirunge juzijuzi ameona kitoto cha mbwa kimelala chini ya mkokoteni wake wa maji, na watoto wamekwisha kukipa jina. Mzee mwenye shamba la minazi amechoka kuibiwa nazi, anataka mbwa, lakini hana fedha za kununua yule wa masikio yaliyosimama. Kijana anayepanga chumba Kashani amemwonea huruma mbwa anayechechemea kando ya barabara ya malori ya taka. Wote huuliza jambo lile lile: nikimchukua, atakaa?

Jibu langu huwaudhi wengi, kwa sababu huwa siulizi kwanza habari za mbwa. Huuliza habari za ua. Halafu majirani. Halafu nani hushinda nyumbani. Mbwa mwenyewe tutamfikia, lakini mwishoni, maana nimeona mbwa wapole wakishindikana katika maboma yasiyo na ua, na mbwa wakorofi wakitulia kwa watu waliojipanga.

Katika sura hii, mbwa wa kuokolewa ni mbwa yeyote asiye na mwenyewe, au aliyetupwa na mwenyewe, ambaye mtu anafikiria kumpa makao. Wengi wao ni mbwa koko, yaani mbwa wa kienyeji wasio na ukoo wa kujivunia: manyoya mafupi, mwili mwembamba, mkia uliojikunja kidogo. Usiwadharau. Joto la Pwani wanalihimili kuliko mbwa wa kizungu wa manyoya mengi, ambaye mwezi wa Februari hushinda ameufungua mdomo akihema.

Wanakotoka

Kwa miaka mingi taka za Mombasa zilimwagwa Kibarani, kando ya barabara kuu ya kuingia kisiwani, hivi kwamba mgeni aliyekuja kwa basi alipokelewa na harufu kabla hajaiona bahari. Mwaka 2018 jaa la Kibarani likafungwa, na malori mengi yakaelekezwa Mwakirunge. Jaa likiwa kubwa huja na watu wake na wanyama wake: waokota plastiki na vyuma vya kuuza, kunguru, nzi, moshi, na mbwa.

Mbwa hakai jaani kwa kukosa akili. Mahali hapo pana chakula kila siku, pana wenzake wa kulala nao, na hakuna mtu wa kumfukuza asubuhi. Kwa hiyo anayesema anamwokoa anapaswa kuwa na kitu cha kumpa kinachozidi hicho. Sahani moja ya ugali jioni haizidi.

Si wote wanaofanana, na tofauti yao inafaa kujulikana mapema:

- Kitoto kilichozaliwa jaani au kichakani. Kinafinyangika, lakini kinahitaji mtu wa kukaa nacho kutwa.
- Mbwa aliyewahi kufugwa kisha akatupwa. Anazijua sauti za nyumbani, mara nyingi anajua hata jina lake la zamani, ila hujui alitendewa nini.
- Mbwa wa mtaa. Huyu ana nyumba tatu au nne zinazomtupia chakula. Anaonekana hana kwao, kumbe mwenyewe yuko, hafungi lango tu. Uliza kwanza kabla ya kumwokoa mbwa wa mtu.

Na ukichukua kitoto, fikiria na mama yake. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watano au sita kwa mpigo. Ukimbeba mmoja ukamwacha mama vilevile alivyo, kabla ya mwaka kwisha atakuwa amejaza pengo hilo mara kadhaa. Kitoto chenyewe kisiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Tunavichukua vikiwa vya wiki nne kwa sababu vinapendeza, kisha tunashangaa vinavyolia usiku kucha na kuharisha.

Ua kwanza

Ploti nyingi za Mwakirunge bado ziko wazi. Mtu ameinua nyumba ya mawe mpaka kwenye linta, ameezeka vyumba viwili, na mpaka wake ni mti wa mwarobaini upande huu na jiwe la mpimaji upande ule. Wengine wana ua wa michongoma, ambao humzuia mbuzi na mtu mwenye shati zuri, lakini mbwa hupita chini yake bila hata kuinamisha mkia.

Mbwa wa jaani aliyewekwa mahali kama hapo atarudi jaani. Hatarudi kwa kukosa shukrani. Upepo ukigeuka, pua yake inapata habari za kilomita nzima, na miguu yake inaijua njia. Atakula huko, atapigana huko, kisha jioni atarudi kwako na kupe shingoni na jeraha sikioni, amenyoosha ulimi. Hapo hujamwokoa bado. Umemwongezea kituo kimoja cha kula.

Wenye nyumba wengi hukimbilia mnyororo. Mbwa anayefungwa kutwa kwenye nguzo moja hufanya mambo mawili: hubwekea kila kinachopita mpaka majirani wanaacha kusikia, na humng'ata yeyote anayeingia ndani ya mzunguko wake, ambaye kwa kawaida ni mtoto aliyefuata mpira. Kama huna ukuta na hutaujenga mwaka huu, kuna njia ya kati. Tandaza waya mnene kati ya minazi miwili, juu kidogo ya kimo cha mtu, upitishe pete, na kwenye pete hiyo ufunge mnyororo mwepesi unaoteleza. Mbwa anapata uwanja mrefu wa kutembea, kivuli na mahali pa kujisaidia mbali na sahani yake. Ni mpango wa muda, lakini ni wa heshima.

Banda lake lisiwe la mabati matupu. Mbwa hana jasho la kumpoza kama letu. Hujipoza kwa kuhema, na ndani ya sanduku la bati wakati wa kaskazi kuhema hakutoshi. Makuti yanafaa zaidi, na sakafu iinuliwe juu ya ardhi, kwa sababu masika yakianza uwanja mzima ni dimbwi.

Mpangaji ana swali lake la peke yake: mwenye nyumba amekubali? Ruhusa ya mdomo iliyotolewa na msimamizi huku akicheka si ruhusa. Mwenye nyumba akija mwisho wa mwezi na kukuta mbwa mlangoni, atakayefukuzwa kwanza ni mbwa, na wakati huo atakuwa amekwisha kukuzoea.

*Kwa ufupi:* huna ua wala njia ya kumzuia asirandarande, usichukue mbwa mzima wa jaani. Kitoto unaweza, ukiwa na mtu wa kushinda naye.

Kuku, wagema na watoto wa chuoni

Ukuta ukiwepo, tazama nje ya ukuta. Mbwa mmoja Mwakirunge ana majirani wengi kuliko mwenyewe anavyodhani.

Wa kwanza ni kuku. Mbwa aliyekulia kwenye taka hajui kwamba kuku wa kienyeji ana mwenyewe. Kwake ni chakula kinachokimbia. Akiua mmoja, utalipa kuku. Akiua wa pili, utalipa kuku na mayai ambayo angetaga na vifaranga ambao wangeanguliwa, na hesabu hiyo itafanyika mbele ya mzee wa mtaa. Kama majirani zako wote wawili wanafuga kuku huria na mbuzi wa kuachiwa, mbwa mzima mwenye mazoea ya kuwinda si wako.

Wa pili ni mgema. Huyu huja alfajiri na tena jioni, kibuyu kiunoni, akipita katika mashamba ya watu kwa haki ya zamani kuliko hati yako ya ardhi. Mbwa mlinzi hajui haki hiyo. Nilimkuta mgema mmoja amekaa juu kabisa kwenye makuti, ametulia, anavuta sigara, na chini mbwa wa kijivu amejilaza kwenye shina la mnazi kama mtu anayesubiri matatu. Walikuwa wamekaa hivyo, aliniambia, tangu adhana. Mwenye shamba alikuwa amekwenda Kongowea kuuza mihogo. Ukiwa na minazi inayogemwa, mtambulishe mbwa kwa mgema wiki ya kwanza, na ikibidi mgema ndiye ampe chakula siku mbili tatu.

Halafu kuna bodaboda, ambazo mbwa wengi hupenda kuzikimbiza, na watoto wanaokwenda chuoni alasiri kwa makundi, wakikimbia na kupiga kelele, yaani wakifanya hasa kile kinachomchochea mbwa kukimbiza. Ikiwa lango lako linafunguka kwenye njia yao, lango hilo lazima liwe la kujifunga lenyewe. Si la kufungwa na mtu akikumbuka.

Wakati mwingine msomaji huniambia haya ni mambo ya ujirani tu, hayana sheria. Yana sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawataja mbwa waziwazi: katika Jedwali la Nne, kazi ya kudhibiti wanyama na kutoa leseni za mbwa imekabidhiwa serikali za kaunti. Kuna Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Ukimfuga umekuwa mwenyewe mbele ya sheria, hata kama ulimkuta barabarani.

Nyumba yenye swala

Pwani huwezi kuandika juu ya mbwa ukaliruka hili. Waislamu wengi wa huku hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate na unyevunyevu wa mbwa kuwa najisi nzito, yaani uchafu wa kisheria unaohitaji utakaso wa namna yake: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo ikiwa kwa udongo. Kufuga kwa ajili ya kulinda mifugo au shamba na kwa uwindaji kumeruhusiwa. Kumfuga ndani ya nyumba kwa kupendezwa naye tu ndiko kunakokatazwa. Wamaliki wana maoni mepesi zaidi kuhusu utohara wa mbwa, lakini jirani yako wa Mwakirunge hatakuwa na haja ya kuusikia mjadala huo akiwa amevaa kanzu anakwenda msikitini Ijumaa.

Katika dini hiyohiyo kuna mafundisho mashuhuri juu ya mtu aliyesamehewa kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu na kumnywesha maji. Huruma kwa mbwa haina ubishi. Kinachobishaniwa ni mahali pake.

Tafsiri ya haya kwa mwenye boma ni ya vitendo. Mbwa akae nje, awe na chombo chake, na bomba au mtungi wa kuoshea usiwe ule wa udhu. Asiwe na njia ya kufika kwenye kamba ya nguo wala kwenye mkeka. Kama mna ukuta mmoja na jirani anayeswali uani, banda liwe upande wa pili wa uwanja. Nimeona familia za Kigiriama na za Kiislamu zikikaa miaka zimepakana, na mbwa katikati, bila neno, kwa sababu tu mtu alifikiria banda liwekwe wapi. Na nimeona udugu ukivunjika kwa kanzu moja.

Ikiwa ni wewe mwenyewe ndiye Mwislamu na unataka mbwa wa kulinda mbuzi, zungumza na imamu wako kabla, si baada. Na fikiria maji. Huku kwetu maji ya bomba si ya kutegemea, tunanunua kwa mitungi ya lita 20. Kuosha mara saba kuna bei.

Ugonjwa usiofanyiwa mzaha

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi, vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa jicho, vinavyoingia mwilini kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa kwa kung'atwa. Vikishafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, mgonjwa karibu hakika hufa. Duniani huua watu takriban 59,000 kwa mwaka. Kwa Kenya makadirio ya serikali, yaliyokuwa msingi wa mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kufikia mwaka 2030, ni kama vifo 2,000 kila mwaka. Karibu vyote hutokana na mbwa, na kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, takriban wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15.

Mbwa wa jaani hana kadi ya chanjo. Kadi hiyo, karatasi ndogo ya daktari wa mifugo yenye tarehe na muhuri, ndiyo kitu cha kwanza cha kupata, kabla ya jina, kabla ya ukanda wa shingoni. Chanjo hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Ofisi za mifugo za kaunti huendesha kampeni, aghalabu karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sikiliza redio na mwulize afisa wa mifugo wa wadi.

Mtu aking'atwa, awe na kadi mbwa au asiwe nayo:

1. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Si kumwagia kikombe kimoja. Dakika 15 kwa saa.
2. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ya mtu ni sindano kadhaa kwa tarehe zilizopangwa. Usiache katikati kwa sababu jeraha limepona.
3. Mbwa asiuawe kama anaweza kufungiwa salama. Aangaliwe siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na virusi mateni siku ile alipong'ata.

Pilipili, jiwe la sumu na mafuta ya taa havina nafasi katika orodha hii.

Kuna mambo madogo pia, ambayo hayaui lakini humfanya mtu ajute. Minyoo ya mbwa huacha mayai mchangani, na viluwiluwi vyake huingia katika ngozi ya mtoto anayecheza peku, vikachora mstari unaojipinda na kuwasha usiku. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu huzuia hilo. Funza, kile kiroboto kinachojichimbia kwenye nyayo, humpata mbwa kama anavyompata mtu, na huhama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia mbaya zaidi: akishashiba hudondoka, hupanda ukuta na kujificha kwenye nyufa za udongo au mapengo ya mawe, akangoja. Ukimwogesha mbwa dawa bila kunyunyizia banda na nyufa, utakuwa unaogesha kila wiki.

Tumbo lake na mfuko wako

Mbwa koko mzima wa kilo 15 anahitaji chakula chenye nguvu inayokaribia ya robo kilo ya unga wa mahindi kwa siku. Kwa hesabu hiyo pakiti ya kilo mbili ni siku nane. Hawezi kuishi kwa ugali mtupu, kwa hiyo punguza unga, ongeza dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa, matumbo ya kuku, na makombo yasiyo na vitunguu, maana vitunguu humharibia damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Hupasuka vipande vyenye ncha.

Ongeza chanjo ya mwaka, dawa za minyoo na kupe, na gharama moja kubwa ya mara moja: kuhasi dume, au kufunga kizazi cha jike, yaani upasuaji unaomfanya asizae. Hii ndiyo gharama inayorukwa, na ndiyo yenye faida ndefu. Jike akiingia joto boma lako litazungukwa na madume ya Mwakirunge nzima, na hutalala. Tena mbwa anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Kijana wa Kashani aliyeguswa na mbwa mlemavu ana umri wa kuoa, kuhama na kutafuta kazi Doha kabla mbwa huyo hajazeeka. Nani atabaki naye? Kama jibu ni "mama", mama ndiye aulizwe.

Sasa mtazame mbwa

Ukifika hapa na majibu yako bado yanasema ndiyo, nenda umwone, na usimbebe siku hiyo.

Watoto wa mbwa wana kipindi cha kuzoea dunia, kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne. Walichokiona kwa amani wakati huo hawatakiogopa ukubwani, walichokikosa watakishuku. Mbwa aliyekulia jaani amezoea malori, tingatinga, kunguru na wanaume wenye magunia. Lori likipiga honi hata haamki. Lakini mlango unaofungwa, ufagio, ngazi za saruji, feni ya dari, vitu hivyo huenda hajawahi kuviona, na anaweza kujikojolea mbele ya ufagio. Usidhani alipigwa. Huenda alipigwa, huenda pia ni ufagio wa kwanza maishani mwake.

Kwa hiyo mpeleke mtu wa kila aina anayeishi au kupita kwako, mmoja mmoja, kwa mbali kwanza: mwanamke aliyevaa baibui, mtoto, mzee mwenye mkongojo. Tazama mwili wake kuliko mkia. Anayetikisa mkia huku mwili umekakamaa na macho yametoka hajafurahi. Anayejikunyata lakini akakurudia kukunusa mwenyewe ana matumaini mengi. Mwekee chakula, simama mbali, kisha mtu mzima apite karibu. Akikaza shingo juu ya sahani na kunguruma, ni tabia ya kawaida ya aliyegombania kila tonge, na hurekebishika. Lakini katika nyumba yenye mtoto wa miaka miwili anayezunguka na kushika kila kitu, mimi ningemwacha.

Na wanaotafuta mbwa mkali? Mbwa koko halazimiki kuwa mkali ili awe mlinzi. Hulala usingizi mwepesi na huwajua watu wa nyumbani kwa hatua zao. Kubweka kunatosha, mwizi wa nazi haji kupigana, anakuja kwa sababu pamekaa kimya. Wanaompiga mbwa au kumlisha pilipili ili awe mkali hupata mnyama anayemwogopa kila mtu, na mwoga ndiye anayeng'ata.

Pengine aachwe hapohapo

Watu huona njia mbili, kumchukua au kumpita. Ipo ya tatu, na kwa wasomaji wengi wa Mwakirunge naiona ndiyo bora: mwache mbwa wa mtaa alipo, lakini achanjwe na afungwe kizazi, majirani mkichangiana. Nyumba zile nne zinazomtupia chakula zinaweza kutoa kila moja robo ya gharama. Asubuhi ya chanjo awepo mtu mmoja anayemwamini, mwenye kamba na kipande cha samaki.

Kwa nini nasema hivyo badala ya kuwaondoa? Kwa sababu jaa likiwa wazi, mbwa wakiuawa kwa sumu au risasi, waliobaki huzaa na wengine huhamia penye chakula. Waliochanjwa hukaa mahali pao, na ugonjwa unapofika unawakuta wamefunga njia. Wataalamu huzungumzia kuchanja mbwa saba katika kila kumi. Pemba walifanya hivyo. Kisiwa kile kilikuwa na kichaa cha mbwa kikizunguka mwaka 2010. Wakachanja mbwa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka, na kufikia Mei 2014 kikakoma. Kampeni zikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa tena mara mbili na ukaenea, mpaka walipoanza upya kuchanja kisiwa kizima, ukamalizwa Oktoba 2018. Kilichowalinda Wapemba ni sindano za kila mwaka, na walipoziacha walilipa.

Mwakirunge si kisiwa, kazi ni ngumu zaidi. Lakini mtaa mmoja wenye mbwa kumi unaweza kujua saba wake ni wepi.

*Kwa ufupi:* kama huna ua, huna mtu wa kushinda nyumbani, au nyumba yenu haijakubaliana, mchango wako katika chanjo ya mbwa wa mtaa ni msaada kamili.

Ukisema ndiyo

Kumpata mbwa kupitia chama kuna faida ya kwamba mtu mwingine amekwisha kumchunguza. KSPCA, chama cha kutunza wanyama kilichoanza mwaka 1910 na chenye makao Nairobi, hutoa mbwa kwa watu wanaofaa, na watakuuliza maswali mengi ya sura hii kabla hujauliza yako. Ukimchukua mwenyewe kutoka mtaani, fanya hivi. Mbebe kwenye tenga au kasha lenye matundu, si kwenye gunia juu ya bodaboda. Mpitishe kwa daktari wa mifugo kabla hajafika nyumbani. Siku chache za mwanzo asitembelewe na mtaa mzima; mpe kona moja yenye kivuli, maji, na mtu mmoja wa kumlisha, saa zilezile. Atajificha, hatakula vizuri, huenda asibweke kabisa ukadhani umepata bubu. Baada ya wiki tatu hivi utaanza kuona tabia yake halisi, nzuri na mbaya. Miezi mitatu ndiyo kipimo cha haki.

Ikipita na mambo bado hayajatulia, kuku wanakufa, mtoto anaogopa kutoka, jirani hasalimii, mtafutie boma jingine, na anayempokea umweleze yote bila kuficha kuku hata mmoja. Usimrudishe jaani usiku ukidhani ataendelea alipoachia. Mbwa aliyelishwa kwa mkono miezi mitatu hupoteza nafasi yake katika kundi, na wenzake wa zamani humpokea kama mgeni.